Mashemeji wa Ajia

Kila siku saa tisa alasiri Siraji, sajini mstaafu wa Lobule, alikagua mizinga yake ya nyuki. Mlangoni mwa kila mmoja alikuwa amefunga wavu wa waya: nyuki mfanyakazi alipita, dume, kwa unene wake, alikwama. Siraji aliwafagia madume kwenye beseni, akawapa kuku. Dume haleti chavua, haumi adui, anakula asali. Kwa sheria za kambini hilo lilikuwa kosa tosha. Wavu aliuondoa siku chache tu, malkia mpya alipohitaji kuruka nje kupandwa. Majirani, ambao wote walipata nyuki kwake, walimwiga.

Mizinga yake sita ilitokana na mmoja, ulioachwa na marehemu mkewe, Bushira. Sasa miwili ilikuwa imekufa na minne inapungua. Alimwita Shamira, binti wa dada yake, aliyesomea nyuki na kufanya kazi Arua.

Shamira alifukiza moshi, akatoa sega la majana, watoto wa nyuki, akahesabu vyumba mia moja. Arobaini na sita vilikuwa vitupu, vimetawanyika kati ya vilivyojaa. Alieleza kwamba malkia akipandwa na ndugu zake, hadi nusu ya mayai yake hutoa watoto wasiofaa, na wafanyakazi huwala wangali wachanga. Kwa kawaida malkia huruka mbali, hupandwa angani na madume kumi hadi ishirini wa makundi mbalimbali, na mbegu zao humtosha maisha yake yote. Lakini hapa miti yenye mapango ilikuwa imechomwa makaa, nyuki wa porini wamekwisha, na madume wachache walioponyoka beseni walikuwa wa uzao mmoja na malkia.

Alipendekeza mizinga miwili ya Kasimiro, mfugaji wa Ajia. Siraji alikataa. Nyuki wa Bushira walikuwa ndicho kitu chake pekee kilichobaki hai, na wageni wangewamaliza.

"Mjomba," Shamira alisema, "wewe unaweza oa binti ya ukoo yako?"

"Hapana. Hiyo iko mwiko. Hata mtoto anajua."

"Mama Bushira ulitoa wapi?"

Siraji alitazama beseni. "Ajia. Nilienda na baiskeli. Mara nne, ndiyo baba yake akakubali."

"Basi. Malkia itabaki ya Mama Bushira. Tunaleta mabwana tu, kwa watu yake."

Mizinga ya Kasimiro ilifika asubuhi, milango imezibwa kwa majani. Siraji alifungua nyavu zote, kisha akaenda kuwaamuru majirani wafungue zao. Walimcheka kwamba sajini ametoa msamaha kwa wafungwa. Alisimama hapo hadi wavu wa mwisho ukafunguliwa.

Katika mzinga wa kwanza wa Bushira, Shamira alimwondoa malkia mzee ili kundi limlee binti yake. Baada ya wiki saba alirudi, akahesabu tena vyumba mia moja. Tisini na vinne vilikuwa vimejaa. Siraji alirudia hesabu mwenyewe, akapata tisini na vitano. Shamira aliandika tisini na vinne.

Saa tisa ilipofika, Siraji alikaa kwenye kigoda mbele ya mizinga ya Ajia, mikono mitupu.

"Mashemeji inachelewa leo," alisema.

Shamira alitazama juu. Madume hawapendi kuruka jua likijificha.

"Iko mawingu, Mjomba. Itatoka."

Alivuta kigoda kingine, akakaa kando yake kusubiri.