Kabla ya Chemko

Mwizi wa kuku ana nafuu. Kuku akishaliwa, manyoya yakafukiwa, kesi imekwisha. Lakini ukiiba wimbo, jamani, unabaki unaimba, na kila anayeusikia anaweza kukuuliza umeutoa wapi.

Huyu wetu bendi ilimwita Solo Mdogo, kwa sababu baba yake ndiye Solo mwenyewe, mpiga gitaa la solo kwenye arusi na kumbi za starehe miaka thelathini. Siku za kazi Solo alikuwa fundi wa redio, kibandani kwake spika zimepangana mpaka darini. Jumamosi alivaa shati la bendi, akapanda jukwaani. Mtoto alijua kukaza nyuzi za gitaa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Basi alipopata ufadhili wa kwenda kusomea muziki wa kisasa chuo kikuu ng'ambo, bendi nzima ilimsindikiza uwanja wa ndege. Mpiga tumba alilia mpaka askari akaja kumuuliza amefiwa na nani.

Bendi ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Ukichelewa, watakusamehe. Ukilewa, watakununia wiki. Lakini kabla wimbo haujaingia kwenye chemko, pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa yakashika usukani, lazima jina la mtunzi litajwe kwa sauti, hata kama ukumbini amebaki mlevi mmoja aliyelala mezani. Mwaka mmoja mwimbaji wao alijitaja yeye kwenye wimbo wa marehemu mpiga besi. Solo aliweka gitaa chini, akatembea taratibu, akachomoa waya wa maikrofoni. Wimbo ukafia hapohapo mbele ya bibi arusi. Solo Mdogo alikuwa na miaka tisa, amekaa juu ya sanduku la vyombo, na aliona yote. Kwa hiyo asije mtu hapa akamtetea kwamba hakujua.

Chuoni wiki ya kwanza kila mmoja aliambiwa alete muziki wa kwao. Yeye akawasikilizisha bendi ya baba yake kutoka kwenye simu. Mwenzake mmoja akasema, "Huu si ule wanaopiga hotelini watalii wakila?" Darasa likacheka. Na yeye akacheka, tena kuwashinda wote, halafu akasema ni bendi tu ya jirani, yeye amejifunza gitaa mwenyewe kwenye mtandao. Usiku ule hakumpigia baba yake simu. Kesho yake pia hakupiga.

Mwaka wa pili ukaja mtihani wa utunzi: wimbo wako mwenyewe, na ukifeli, ufadhili kwaheri. Wiki tatu alikaa kwenye chumba cha mazoezi, ukuta unamtazama, naye anautazama. Hakuna kitu. Siku ya mwisho vidole vikaanza vyenyewe kupiga wimbo ambao baba yake aliutunga kwenye benchi nje ya wodi, mama yake akiwa ndani anapumua kwa shida. Wimbo huo haukurekodiwa. Bendi waliupiga pale tu Solo mwenyewe alipotaka, na hakutaka mara nyingi.

Akabadilisha maneno, akaongeza ngoma za kompyuta, akajaza fomu. Penye "Mtunzi" akaandika jina lake. Akapuliza wino ukauke, mwanaharamu yule.

Mhadhiri wa utunzi, mama mmoja mkali asiyesifu mtu, aliusikiliza mara mbili.

"Hapa katikati umekata kila kitu," alisema. "Kimya, mapigo manne, ndipo gitaa linarudi. Umekipata wapi hiki kimya?"

"Kimenijia tu."

Kimya kile kilikuwa mlango wa wodi. Nesi alifungua, Solo akaacha kupiga ili amsikie anasema nini. Alipoanza tena alikuwa hana mke. Solo Mdogo alilijua hilo vizuri, na bado akasema kimemjia tu.

Wimbo ukachaguliwa kufunga onyesho la mwisho wa mwaka, litakalorushwa moja kwa moja mtandaoni. Nyumbani hakumwambia mtu. Lakini za mwizi ni arobaini: mdogo wake wa kike aliliona tangazo. "Kaka, mbona kimya hivyo? Jumamosi bendi nzima tunajaa kibandani. Baba ametengeneza spika kubwa kwa ajili yako!"

Mara mbili alienda hadi mlangoni kwa mhadhiri kusema ukweli. Mara ya pili alibisha hodi, akaingia, akauliza mazoezi yanaanza saa ngapi.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Mhadhiri alimtambulisha kwa jina, akasema mtunzi ndiye huyu, mpigeni makofi. Solo Mdogo akapiga, na alipiga vizuri, hilo siwezi kumnyima. Akafika kwenye kimya, kabla ya chemko. Moja. Maikrofoni iko mdomoni. Mbili. Alijua kibandani kule wazee wa bendi wameshika pumzi, wanangoja jina moja, silabi mbili tu. Tatu. Akafungua mdomo, akaona mhadhiri mstari wa mbele anatabasamu, akauona ufadhili. Nne. Akafunga mdomo, gitaa likaingia, na ukumbi ukasimama kumshangilia huku yeye akitamani ardhi ipasuke immeze.

Koridoni simu ikaita.

"Mwanangu, umepiga," baba yake alisema. "Uzi wa pili ulilegea kidogo, lakini umepiga."

"Baba..."

"Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza." Simu ikakatwa.

Na unajua alihisi nini? Nafuu. Alishusha pumzi kabisa. Aibu ya nafuu ile alikuja kuiona dakika mbili baadaye, ujumbe wa sauti wa mdogo wake ulipoingia.

"Kaka, ulipofika kwenye kimya mpiga tumba aliinua mkono tulisikie jina. Halikuja. Akasema, 'Solo, huyu mtoto vipi?' Baba akasimama. Akasema wimbo ni wako, eti ulimtungia yeye ukiwa mdogo, pale nje ya wodi, yeye alikushikia gitaa tu. Kaka, wote walikuwepo siku zile. Wote wanajua. Hakuna aliyembishia. Halafu baba akaenda akachomoa waya wa spika, akasema poleni, nina kazi za watu za kumaliza."

Solo Mdogo aliusikiliza mara moja tu. Hakuweza mara ya pili. Baba yake, mtu aliyezima arusi ya watu kwa sababu ya jina la marehemu, amewadanganya wenzake wa miaka thelathini, macho kwa macho, ili kumfunika yeye.

Akarudi ukumbini. Wafanyakazi walikuwa wanabeba viti. Mhadhiri alikuwa anakunja nyaya za maikrofoni.

"Fomu yangu," alisema. "Kwenye mtunzi niliandika uongo." Akayataja majina ya baba yake yote matatu kwa sauti kubwa, na mbeba viti mmoja akageuka kutazama. "Ni wa baba yangu. Ile bendi iliyochekwa darasani wiki ya kwanza, nami nikacheka."

Tabasamu la mhadhiri likaisha. Alikaa kwenye kiti kimojawapo kilichobaki, waya mkononi.

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Ametazama."

"Na yeye anasemaje?"

Solo Mdogo alifuta machozi kwa mkono ulioshika simu.

"Anasema ni wangu."