Mstari wa Chini wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Mashuleni kote walimjua kwa jina la Mama Chupa, na mwenyewe alilipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Akishuka tu kwenye gari la kituo, watoto walimzonga: "Mama Chupa kaja! Mama Chupa kaja!" Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha habari za maji katika kituo cha elimu ya chakula, maji na mazingira. Wenzake wa lishe na bustani walikwenda shule hizo hizo, wakarudi na matope viatuni, na hakuna aliyewakumbuka. Yeye alikumbukwa. Sasa mkuu wa kituo alikuwa anastaafu, na hadi mfagizi alishaanza kumwita bosi kwa utani. Usaili ulikuwa Jumanne.

Jumapili mchana mdogo wake akaja bila kupiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umesimama mlangoni kama mdai? Ingia, ukae."

Hakukaa. Alikuwa mwalimu wa klabu ya mazingira katika shule moja ya msingi, kazi aliyotafutiwa na dada yake huyu huyu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Wiki tatu zilizopita watoto arobaini na mmoja wa shule hiyo walishikwa na tumbo la kuhara. Arobaini walipona. Binti wa mpishi wa shule, mtoto wa darasa la pili, hakupona. Wapimaji walipokuja wakakuta kisima kinacholisha bomba la shule kimeingiliwa na maji ya choo, na si jana wala juzi, tangu mwaka uliopita. Sasa kamati ya uchunguzi ilikuwa inauliza swali moja tu: mwalimu wa klabu alipima maji kila muhula, akaandika kila muhula kwamba ni safi. Alikuwa anapima nini?

Mdogo mtu akatoa kitabu kwenye mfuko wa plastiki, akakifungua mezani, akaweka kidole chini kabisa ya ukurasa wa kumi na nne.

"Soma, dada. Wewe ndiye uliyekiandika."

Mama Chupa hakuhitaji kusoma. Aliujua mstari ule, tena alikuwa amejitahidi sana kuusahau.

Somo lenyewe lilikuwa la chupa mbili. Ya kwanza unatia maji ya mtaroni, ya pili maji ya bomba la shule, zote zina dawa ya kupimia uchafu. Maji yakiwa na uchafu wa chooni, baada ya siku moja au mbili chupa inageuka nyeusi tititi. Watoto wanaona kwa macho yao, wanashika midomo, hawasahau maisha. Lakini mwaka wa kwanza kabisa, mbele ya wageni waheshimiwa, chupa zote mbili ziligeuka nyeusi. Watoto wakagoma kunywa maji, mwalimu mkuu akamfokea Mama Chupa hadharani mpaka akatamani ardhi ipasuke. Aliporudi ofisini, badala ya kuuliza lile bomba lina nini, akaongeza mstari kwenye kitabu cha walimu: *Ili somo lisiharibike, maji ya chupa ya pili yachemshwe siku moja kabla.*

Jamani! Maji yaliyochemshwa yatageukaje meusi?

Na toka hapo somo halikuharibika tena. Walimu wakalipenda, wakaanza kulitumia kama kipimo, wakajaza fomu za kila muhula: bomba la shule, safi. Shule mia moja na ishirini, zote safi. Wafadhili wakapiga makofi, Mama Chupa akapanda cheo, akapanda tena. Miaka miwili iliyopita alikuwa anapanga zile fomu kwa ajili ya ripoti, akaona hakuna hata moja iliyosema chafu. Hata moja! Akajua ni ule mstari. Akaufuta ule mstari kwenye toleo jipya, kimya kimya. Waraka wa kuwaambia walimu watupe vitabu vya zamani aliuanza, akauacha kwenye kompyuta. Nani angetaka kutangaza aibu yake wakati mkuu anakaribia kustaafu? Akajitia hamnazo. Shule zenye vitabu vya zamani zikaendelea kuchemsha.

"Nilifuata kitabu neno kwa neno," mdogo wake alisema. "Yule mtoto wa mpishi ndiye aliyekuwa ananishikia chupa ya pili. Kila muhula alikuwa anaomba yeye. Anaiinua juu hivi, anawaambia wenzake, mnaona, yetu safi." Akajifuta uso kwa mtandio. "Jumatano naitwa mbele ya kamati. Nikiwaonyesha hiki, nimepona mimi, umekwisha wewe. Kwa hiyo nimekuletea. Sema wewe mwenyewe, dada. Ukisema wewe, hata wakikulaumu watakuheshimu."

"Usaili ni Jumanne, mdogo wangu."

"Najua."

Akaondoka, kitabu akakiacha mezani.

Jumanne Mama Chupa aliingia kwenye usaili na kitabu kimo kwenye mkoba. Alikuwa amepiga moyo konde kabisa, ameapa. Wajumbe watano wa bodi wakamuuliza habari za uongozi, bajeti, namna ya kuunganisha mapishi ya shuleni na bustani na maji. Alijibu kama maji yanavyotiririka. Kisha mwenyekiti wa bodi, mwanamama mtaratibu mwenye miwani ya kamba, akamuuliza, "Tuambie kosa moja ulilowahi kulifanya kazini, na ulijifunza nini."

Loo! Mlango gani mwingine alitaka afunguliwe? Mkono ukaenda kwenye zipu ya mkoba. Ukabaki hapo. Akawasimulia habari ya siku aliyokwenda shule moja bila chupa, akalazimika kufundishia mitungi ya jikoni, akajifunza kujiandaa mapema. Wajumbe wakacheka vizuri. Na yeye akacheka.

Jioni ile simu ilikuwa mkononi mpaka ikamwishia chaji. Hakumpigia mdogo wake, wala mdogo wake hakumpigia.

Alhamisi akaitwa, akapewa barua: yeye ndiye mkuu wa kituo. Wenzake wakapiga vigelegele, mfagizi akamkumbatia. Usiku kucha hakupata usingizi, na Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kufungua ofisi yake mpya, akaenda kwa mwenyekiti wa bodi, akaweka kitabu mbele yake, akasema yote. Mstari, fomu, waraka ambao haukutoka.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma ule mstari.

"Mwalimu wa ile shule ameshaandika maelezo yake juzi," akasema. "Kwa mkono wake. Amesema kuchemsha maji lilikuwa wazo lake, kwa uvivu, na kitabu alikipoteza. Kamati imemwachisha kazi na jalada limefungwa. Si ni ndugu yako yule?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Basi usimharibie alichokufanyia." Akamsogezea kitabu. "Wazazi wametulia. Ukilifumua hili leo, kituo kinafungwa, na walimu ishirini wa lishe na bustani wanakwenda na maji. Una wasiwasi na shule nyingine? Toa waraka. Sasa si wewe ndiye mkuu?"

Mama Chupa angeweza kubisha. Angeweza kukibeba kitabu mpaka kwa kamati, palikuwa mtaa wa pili tu. Badala yake akasikia mabega yamelegea na pumzi imeshuka. Alikuwa amefarijika. Akajichukia kwa faraja ile kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote, lakini akakirudisha kitabu mkobani.

Ofisini aliuandika waraka. Toleo la zamani la kitabu cha walimu lirudishwe kituoni, maji yote yapimwe upya bila kuchemshwa. Mistari mitatu, bila sababu. Ulimchukua dakika kumi, na chai yake ilikuwa bado ya moto.

Jioni akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta sebuleni anapanga vitu alivyoondoka navyo shuleni kwenye katoni: chaki, picha za klabu, ndoo ndogo ya kumwagilia, chupa mbili tupu zilizofungwa kwa gazeti.

"Hongera, dada," akasema bila kugeuka. "Nimesikia."

"Nimekwenda kwa mwenyekiti. Nimemwambia kila kitu. Haki ya Mungu, nimesema."

Mikono ya mdogo mtu ikasimama juu ya katoni.

"Ulisema kabla hawajakupa kazi, au baada?"

Mama Chupa akakaa kwenye kiti cha karibu.

"Baada."

"Haya," mdogo wake akasema, akaendelea kupanga. Kisha akamwita binti yake amletee mama mkubwa maji ya kunywa. Mtoto akaja na glasi, ameishika kwa mikono miwili.

"Yamechemshwa, mama mkubwa," akasema.

Mama Chupa akaipokea, akaishika pale pale magotini. Hakuna aliyemwambia anywe.