Mawe ya Simiti kwa Adero

Mwanga wa asubuhi, wewe unayetoka milimani, ukashuka hadi mtaani kwetu Migosi, ukaingia kwa dirisha letu bila hata hodi, ngoja kidogo. Usiende kwanza. Mke wangu bado anakuhitaji.

Adero, presha ya macho ilikula pembeni kote, ikakuachia tundu dogo la katikati, dogo kama la ufunguo. Daktari alisema hata hilo litaziba kabla ya masika, dawa ni ya kuchelewesha tu. Tulipofika nyumbani ukasema, "Baba Maryanne, mimi nataka kuona fulu. Ile ya kwetu Kendu Bay, inacheza kwa mawe. Mara moja tu."

Fulu! Samaki wa urefu wa kidole, aliyeliwa na mbuta, lile samaki kubwa la kuletwa, mpaka akabaki wa kujificha mawemawe. Ulipokuwa msichana ukiosha vyombo ufuoni, walikuja kukudonoa vidole, nawe ukicheka. Ningekupeleka, lakini maji ya huko siku hizi ni kijani kibichi, na gugumaji limelala juu ya mawe. Mwenye macho mazima haoni kitu.

Lakini mimi ni fundi, bwana! Miaka thelathini nimejengea watu nyumba, nishindwe kukujengea ufuo wa futi nne? Tangi la kioo nilikuwa nalo, niliachiwa na tajiri mmoja aliyehama. Nikaenda Dunga kwa Ondiek, mvuvi rafiki yangu, nikaokota yale maboksi meupe, mepesi, wanayopakia samaki na barafu. Nikayakata, nikayachonga, nikayagandisha kwenye kioo cha nyuma kwa gundi ya madirisha. Juu yake simiti nyepesi, kwa brashi, mara tatu. Rangi nyekundu ya sakafu. Masizi ya sufuria zako.

Kila jiwe nilikuuliza wewe.

"Hili refu, lilikuwa na ufa?"

"Lilikuwa na ufa. Tulikuwa tunaficha sabuni hapo ndani."

Nikachonga ufa wa sabuni. Mwanga, ngoja kidogo.

Simiti tunainywesha maji siku saba, asubuhi na jioni. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha. Siku ya nane nikajaza tangi maji, nikawamwaga fulu kumi na wawili alioniletea Ondiek kwa ndoo. Wewe na binti yetu Maryanne mlikuwa kliniki. Fulu wakauzunguka ufuo wangu, wakaingia kwenye ufa, wakatoka, wakaingia tena, nami nikacheka peke yangu kama mwehu. Baada ya saa moja walikuwa juu, wakihema. Kabla ya adhana ya alasiri, wote kumi na wawili walikuwa wamepindua matumbo.

Ondiek alichovya kidole, akaonja, akatema. "Gordon, hii maji inauma kama majivu. Simiti ya nyumba ni siku saba. Ya samaki inataka mwezi mzima, unamwaga maji, unaweka ingine."

Mwezi! Angeniambia basi nichote ziwa kwa kijiko. Haraka haraka haina baraka, hilo mimi mwenyewe huwahubiria vibarua wangu kila Jumatatu.

Nikafunika tangi kwa leso yako, nikakudanganya. Fulu wamo, nikasema, ila ni wageni, waache wazoee. Ukitoka kuota jua na Maryanne, namwaga, najaza. Kesho namwaga, najaza. Kila jioni ukaniuliza, "Wamezoea?" Kila jioni nikajibu, bado kidogo. Mwanga, nakuomba, ngoja kidogo.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa uliamka, ukakaa kitandani, ukasema, "Kwani leo hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Mwanga ulikuwa umejaa usoni pako.

Hukulia. Mimi ndiye niliyelia, mkono mdomoni, usinisikie. Ukangoja, ukaelewa, ukanyoosha mkono. "Nipeleke kwa fulu basi."

Nikakuongoza. Ukazamisha mkono mpaka kiwiko, ukapapasa mawe moja moja, ukafika kwenye ufa, ukakaa hapo.

"Ya sabuni," ukasema.

Kisha ukatandaza vidole majini, ukatulia, ukangoja kudonolewa. Ee Mungu, jinsi ulivyongoja! Kichwa umekiinamisha, midomo wazi kidogo, msichana wa vyombo kabisa. Sikuweza, Adero. Nikaingiza mkono wangu upande wa pili, polepole, nikakudonoa kwa ncha ya kidole. Mara moja. Mara mbili.

Ukatabasamu.

"Baba Maryanne," ukasema, "huyu fulu amejenga nyumba ngapi?"

Ukanishika kile kidole humo humo majini, ukakibana.

"Zimekufa zote?"

"Zote."

"Pole," ukaniambia. Wewe, uliniambia mimi pole.

Mwanga wa asubuhi, leo tena umeingia bila hodi. Unapita kwenye kioo, unashuka kwenye mawe mekundu, unacheza ndani ya ufa wa sabuni pale pale fulu walipocheza saa moja. Yamependeza, naapa, sijawahi kujenga kitu kizuri hivyo. Nenda tu ukitaka. Maji ni matupu, na Adero ameuelekezea ukuta uso wake, ananiuliza kama kumekucha.