Wiki Tatu za Mwinyimvua

Sitara alipoingia wodini mchana, alimkuta mdogo wake, Abdulatif, ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Akaweka hotpoti ya uji, akamshika mabega.

"Lala wewe. Nani kakuinua?"

"Daktari."

Abdulatif, muuza vipuri wa eneo la Gerezani, alikuwa na siku ya tatu hospitalini kwa nimonia. Muda wote huo dada yake alimlisha kwa kijiko, akamfunika, akamkataza hata kwenda msalani mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyojua kumpenda mgonjwa.

Daktari Zarna alikuja na muuguzi aliyeshika sindano ndogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo ya nini tena, mwanangu? Kifua si kinatibiwa?"

"Hii ya kuzuia damu isigande. Mtu akiumwa sana, akawa wa kulala tu, damu ya miguuni huzubaa, hata ikafanya bonge. Bonge likichomoka linapanda mpaka mapafuni. Tumempima, hatari yake ni kubwa. Kwa hiyo atachomwa kila siku, na atatembea."

Muuguzi alimchoma Abdulatif tumboni. Sitara alikuwa ameinamia hotpoti, hamimini uji.

Mumewe, Mwinyimvua, alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini. Mwaka juzi homa ya kifua ilimlaza wiki tatu katika chumba chao, Mtaa wa Swahili. Kila alipotaka kutoka barazani, Sitara alimrudisha kitandani. Siku za mwisho mguu wa kushoto ulivimba. Akaukanda kwa mafuta ya nazi, naye akacheka kwamba hajawahi kudekezwa vile. Alfajiri moja aliinuka kwenda kutawadha, akasema, "Sitara, pumzi," akaanguka mlangoni.

Sitara alimfuata daktari koridoni, akamsimulia yote.

"Inawezekana ilikuwa hivyo," Zarna alisema. "Lakini hakupimwa, siwezi kusema kwa hakika."

"Basi nilimuua mimi."

"Hapana, mama. Uliuguza kama ulivyofundishwa. Hakuna aliyekuambia."

Sitara aliitikia kwa kichwa. Hakutulia, ila alirudi wodini.

"Haya, simama. Tunaenda mpaka dirisha lile."

"Dada, asubuhi ulisema nisi—"

"Nimesema simama."

Alimwegemeza ubavuni. Abdulatif alikuwa mzito, anahema, mkono wake umemlalia shingoni. Miaka miwili hakuna mwanamume aliyemwegemea hivyo. Aliutamani ule uzito mwingine, wenye jasho la bandarini. Walipofika dirishani akageuza uso.

"Umechoka?" Abdulatif aliuliza.

"Nimemkumbuka shemeji yako."

Hawakuwa wamemtaja tangu matanga yalipoanuliwa. Abdulatif alishika nondo za dirisha, akavuta pumzi.

"Mimi kila siku basi la mwendokasi likipita dukani namtafuta," alisema. "Alikuwa akishuka kituo cha pale kila Ijumaa."

"Hukuniambia."

"Nilidhani utaumia."

"Naumia hata usiposema. Afadhali uwe unasema."

Walitembea asubuhi na jioni, sindano haikukosa hata siku moja, na siku ya nane Abdulatif akaruhusiwa. Sitara alimfikisha nyumbani kwake, kisha akarudi Mtaa wa Swahili. Jioni alifungua sanduku la nguo za Mwinyimvua, akatoa shati moja, akalivaa juu ya gauni. Mikono ilimpita vidole. Akakaa barazani nalo, watu wakipita na mizigo yao kutoka sokoni, wakimsalimu, naye akiwaitikia.