Marehemu Alihudhuria Kikao

Akello alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, wakati mumewe Alfayo alipoingia akitokea njia ya majani-chai. Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia, lile ambalo ndani yake mtu bado anamtambua jirani kwa mwendo. Alfayo alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, kwao kando ya ziwa, na suti aliyovaa ilikuwa ile ile aliyozikiwa, ya buluu, yenye mikono iliyomfika vidoleni. Alipangusa viatu kwenye gunia na kuuliza kama kuna chai.

"Iko," Akello alisema. "Lakini maziwa ni kidogo."

Akanywa, akashukuru, akakaa mpaka giza likakolea. Kisha akainuka na kwenda zake. Kesho yake jioni akaja tena, na keshokutwa yake, hata ikawa kawaida.

Walikaa kwenye nyumba za wafanyakazi za shamba moja la chai huko Kericho, upande wa Kiptere, ambako siri haikai ndani ya ukuta. Arap Maritim, mlinzi wa geti, alimwambia Alfayo kwamba kwa kuwa si mfanyakazi tena, atakuwa akiingia kama mgeni, na wageni hutoka kabla geti halijafungwa. Alfayo aliona hilo ni haki. Nyanchoka, jirani wa mlango wa pili, hakuwa na neno ila moja.

"Huyu bwana yako amekuwa na maringo tangu afe," alimwambia Akello. "Ananipita hapa hata salamu hana."

Akello alimwendea Mchungaji Momanyi wa kanisa la mabati pale njia panda, kwa sababu hakutaka kufanya jambo nyumbani kwake ambalo kanisa halilijui. Mchungaji alifikiri.

"Anataka umwabudu?"

"Hapana."

"Anatabiri? Anakwambia ya kesho?"

"Hajui hata ya leo. Huwa ananiuliza mimi."

"Na ukiomba, anatoka?"

"Anakaa. Anasema amina."

"Basi mpatie chai," Mchungaji alisema. "Bora usiweke tumaini lako kwake."

"Tumaini langu halikuwa kwake hata akiwa hai," Akello alijibu.

Hakusema hivyo kwa ubaya. Alfayo alikuwa mume mwema. Miaka yote alifanya kazi ya kulisha kuni kwenye boila ya kiwanda, na alizoea kusema kwamba moto unapiga kelele za kutosha watu wote. Palipokuwa na ugomvi, alikumbuka kitu alichokisahau kazini, akaondoka.

Simu ya Calvince, mdogo wake Alfayo, iliingia wakati wachumaji wakisubiri kupima majani. Akello aliweka kikapu chini.

"Shemeji, wazee wamekaa," Calvince alisema. "Wamekubaliana mimi ndiye nitasimama kwa nyumba ya ndugu yangu. Tutakuja huko tumalize hiyo maneno."

Maana ya kusimama Akello aliijua. Kwao, mume akifa, mmoja wa nduguze humrithi mjane, akalala katika nyumba yake, na hapo ndipo mjane anahesabiwa ametakasika. Asiporithiwa, hapandi wala havuni kabla ya wengine, na mvua ikikataa au mtoto akiugua katika boma, lawama huwa yake. Calvince alikuwa na mke tayari, na pia alikuwa na jicho kwenye shamba la Alfayo, lile lililopakana na barabara mpya ya lami. Kumrithi mjane na shamba hilo alikuwa hajawahi kuvitaja katika sentensi moja.

"Calvince, mimi niko na mwenye kunisimamia," Akello alisema. "Ni Yesu. Na hana haja ya shamba."

Simu ikakatika. Wachumaji waliokuwa karibu wakajifanya wanapanga majani. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno kama hayo huzika watoto. Akello alimsikia. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Abigael, aliyekuwa katika shule ya bweni kule Londiani. Akainua kikapu, akaingia kwenye foleni ya mizani.

Jioni alimwambia Alfayo. Alfayo akatazama ndani ya kikombe.

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia, Mama Abi."

"Unasema nini?"

Alfayo akazungusha kikombe. Hata mama yake mzazi alirithiwa hivyo hivyo, naye Alfayo akiwa kijana mkubwa mwenye ndevu alikaa nje akichonga mpini wa jembe mpaka mpini ukaisha.

"Sikuombi unitetee," Akello alisema, akimwongezea chai. "Nitasema mwenyewe. Nilitaka tu ujue."

Wazee walikuja Jumapili, baada ya ibada, kwa gari la kukodi. Aliyeongoza alikuwa Mzee Ondiek, ami yake Alfayo, mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya na sauti ya upole. Akello aliazima viti vya kanisa, akavipanga nje mbele ya nyumba, akawapa ugali na kuku, kwa sababu wageni ni wageni. Majirani walitoka na kukaa vizingitini pao. Nyanchoka alileta kufuma kwake ili aonekane ana shughuli.

Calvince hakungoja maneno. Alivua koti, akaingia ndani, akalitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango, mahali pa koti la mwenye nyumba. Akello aliingia, akalitungua, akalikunja vizuri, kola ndani, akamrudishia.

"Shemeji, umesahau koti."

Calvince akaingia tena, akalitundika. Akello akalileta tena, limekunjwa vile vile. Mara ya tatu Calvince alibaki nalo mapajani, kwa sababu vizingitini watu walikuwa wameanza kukohoa.

"Mke wetu," Mzee Ondiek alisema, "hatujakuja kukuonea. Kanisa tunaliheshimu. Hata mimi nilibatizwa. Lakini kanisa ni la Jumapili na ukoo ni wa kila siku. Umemzika mume, sasa boma liko wazi kama kidonda. Likiingiwa na wadudu, watu watasema ni nani?"

"Watasema ni mimi, baba."

"Na hiyo haikuogopeshi?"

Akello alisimama. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha kichwani cha akina mama wa kanisa, na mikono yake ilikuwa na weusi wa utomvu wa chai ambao hautoki kwa sabuni yoyote.

"Inaniogopesha," alisema. "Usiku wa kwanza baada ya simu sikulala. Nilifikiria Abigael. Nilifikiria mkinikataa, siku nikifa nitazikwa wapi. Nikaomba, na sikusikia sauti yoyote. Lakini asubuhi niliamka nikajua vile najua jina langu, kwamba mwili huu ulinunuliwa kwa damu, na si ya kuku. Siwezi kuupeana ndiyo mvua inyeshe kwenu. Nawaheshimu. Nitawapikia kila mkija. Lakini kurithiwa, hapana."

"Sisi hatufanyi kwa ajili yetu," Mzee Ondiek alisema. "Tunafanya kwa ajili ya marehemu. Ndiye anataka nyumba yake isimame."

Kufikia hapo jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti ya kiwanda, na Alfayo akatokea kwenye njia yake ya kila siku. Wazee walimwona. Walisimama kwa heshima, wakampa mkono mmoja mmoja, na Mzee Ondiek akamuuliza habari za huko. Alfayo akasema ni nzuri, ila baridi. Calvince akampisha kiti.

"Marehemu ndiye huyo," Akello alisema. "Muulizeni."

Alfayo alikaa kwanza. Akavuta mikono ya suti nyuma, ikarudi mbele. Watu wa vizingitini waliomjua tangu zamani walingoja akumbuke kitu alichokisahau kazini.

"Sitaki arithiwe," Alfayo alisema. "Vile amesema ndivyo. Shamba ni lake na la Abigael. Nilipaswa kusema hivyo nikiwa hospitali. Nasema sasa."

Kwenye mti wa mkaratusi ndege walikuwa wakigombania mahali pa kulala. Mzee Ondiek alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Alfayo, mwanangu. Ulizikwa?"

"Nilizikwa, baba."

"Tulikulilia?"

"Mlinililia vizuri."

"Tulikula matanga yako?"

"Mlikula."

"Basi mtu akishaliliwa na matanga yakaliwa, mambo yake yanasemwa na waliobaki. Hiyo ndiyo sheria, hata wewe unaijua. Tumekusikia na tunakupenda. Lakini kikaoni hapa huna kura."

Wazee wengine wakaitikia kwa kichwa. Mmoja akaongeza, bila ukali, kwamba mtu akitaka kusikilizwa aseme akiwa na pumzi. Alfayo alikubali kwamba hilo ni kweli. Akabaki ameketi, mikono ya suti imemfunika vidole, akimtazama mkewe.

"Kwa hivyo matakwa ya marehemu mnayajua," Akello alisema, "isipokuwa akiyasema."

Mzee Ondiek alitoa uamuzi kwa sauti yake ile ya upole: nyumba ya kule nyumbani itaezuliwa, shamba litashikwa na Calvince, na jina la Akello halitatajwa katika boma mpaka atakaporudi kwa unyenyekevu.

"Ezueni," Akello alisema. "Mabati mtayabeba, mimi hamtanibeba."

Nyanchoka ndiye aliyeanza. Aliweka kufuma kwake chini, akaja kusimama kulia kwa Akello. Kisha akaja yule mwanamke wa makamo aliyesema maneno huzika watoto, kisha wengine kutoka vizingiti vya mbali, mpaka nyumba ikawa haionekani nyuma ya vitambaa. Baadhi yao walikuwa wajane wa miaka mingi, waliorithiwa na kuachwa, na walisimama wima kuliko wote.

Wazee waliaga kabla giza halijaiva, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Wakamwambia Alfayo apande gari, kwa kuwa kaburi lake liko kule kule wanakokwenda. Alfayo aliwashukuru, akasema ana njia yake.

Nyumba iliezuliwa wiki hiyo. Calvince alipanda mahindi mpaka ukingoni mwa lami, na mvua ilimnyeshea vizuri. Akello alikwenda kwa chifu wa kule, akaambiwa hayo ni mambo ya familia. Aliposema kwamba mwenye shamba yuko tayari kutoa ushahidi, chifu alisema hakuna shida, aje na kitambulisho. Kitambulisho kilikuwa kimerudishwa serikalini siku cheti cha kifo kilipotolewa. Akello alirudi Kericho akiwa amesimama kwenye gari njia nzima, na waliomwona akishuka kituo cha Kapsoit, kichwa juu, walidhani ameshinda kesi.

Abigael alimpigia simu kutoka shuleni akamuuliza kama ni kweli hawana nyumbani.

"Ni kweli," Akello alisema. "Na wewe ni mtoto wa mama ambaye hakutundikiwa koti. Sasa rudi darasani."

Kanisani akina mama walimchagua awe kiongozi wao bila yeye kuomba. Shambani, msimamizi aliyekuwa akimwita kwa kumpigia mbinja alianza kumwita Mama Abi, na hakukumbuka ni lini alianza. Alfayo aliendelea kuja. Alikuwa ameanza kumsalimia Nyanchoka.

Jioni moja ya mvua nyembamba, Nelvine wa kiwandani, wa kitengo cha kupakia, alibisha mlangoni. Mumewe alikuwa amezikwa majuzi tu. Alisimama akikunja ncha ya leso.

"Mama Abi, wanakuja Jumapili," alisema. "Wamepiga simu."

Akello alimtazama, kisha akatazama nyuma yake. Pale kwenye ua, chini ya mchirizi wa paa, alikuwa amesimama mwanamume aliyevaa suti mpya ya kijivu, ameshika kofia kifuani, akiona haya kuingia nyumba ya watu.

"Mwambie aingie, atalowa," Akello alisema, akimvutia Nelvine kiti. "Chai itamtosha. Lakini ujue mapema, hawatamsikiliza. Wewe ndiye utasema. Haya, simama pale mlangoni nikusikie."