Kitenzi cha Fundi wa Lifti

Jumamosi, saa tatu na dakika saba asubuhi, marehemu alipanda ngazi hadi darasani, akavua kofia yake ngumu na kukaa kwenye kiti cha nyuma, karibu na dirisha. Muuguzi alikuwa ameweka mkoba wake hapo. Aliuondoa bila kugeuka. Mwalimu, aliyekuwa katikati ya kuita majina, aliinua kalamu.

"Wewe ni mwanafunzi au msikilizaji?"

"Msikilizaji," marehemu alisema. "Nimemfuata shemeji."

Mwalimu akaandika "msikilizaji" kwenye daftari la mahudhurio na kuendelea na jina lililofuata.

Shemeji aliyetajwa alikuwa fundi wa lifti, mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye grisi kwenye kucha isiyotoka kwa sabuni yoyote. Aliinamia daftari lake. Ilikuwa wiki ya tatu ya masomo na mwezi wa nane tangu mazishi.

Darasa la uandishi wa hadithi lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kutoa kopi. Kulikuwa na viti tisa, ubao mmoja, na feni iliyozunguka pale tu mtu alipoisukuma kwa ufagio. Waliohudhuria walikuwa wamechoka kabla ya somo kuanza. Muuguzi alitoka zamu ya usiku moja kwa moja. Aliandika kwa sababu wagonjwa walimwachia maneno yao ya mwisho na hakuwa na pa kuyaweka. Mstaafu wa posta alikuwa amepeleka barua za watu kwa miaka thelathini na moja bila kupokea hata moja, kwa hiyo alikuwa akijiandikia majibu. Karani wa benki alitaka kushinda shindano, lolote, na kila zoezi likitolewa aliuliza maneno mangapi. Mshonaji wa sare za shule alikuwa akiandika riwaya ambamo mume aliyemwacha analiwa. Wiki ya kwanza aliliwa na fisi, ya pili na mamba, ya tatu na nyuki. Mwalimu alisema tu kwamba nyuki hawali watu.

"Hawa walikuwa na njaa," mshonaji alijibu.

Fundi alipoulizwa sababu yake siku ya kwanza, alisema anataka kujifunza kuandika sentensi moja. Wenzake walicheka, wakidhani anajishusha.

Saa tano kasoro dakika kumi, marehemu alianguka. Alipita sakafuni, kiti kikabaki kimesimama. Chini kulisikika kishindo, kisha sauti ya mwenye duka: "Jamani, karatasi zangu!" Baada ya dakika tano marehemu alipanda tena ngazi, akajipangusa vumbi mabegani na kukaa. Mwalimu hakuwa amemaliza kueleza nukta mkato. Katika daftari la mahudhurio, kwenye safu ya maelezo, aliandika: "Alitoka. Alirudi."

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mwenye duka alihamishia karatasi zake kona nyingine na kutandika maboksi matupu pale marehemu alipofikia. Siku moja alipanda juu kuomba, kwa adabu, kama jambo hilo lingeweza kufanyika wakati hana wateja.

"Saa sipangi mimi, ndugu yangu," marehemu alimwambia.

Mwenye duka alisema ameelewa, akarudi kwenye mashine yake.

Wiki ya sita zamu ya kusoma ilimfikia fundi. Alisimama, akasoma: "Saa tano kasoro dakika kumi, shemeji yangu alianguka katika shimo la lifti, kutoka ghorofa ya saba."

Mwalimu alikuwa amefanya kazi ya usahihishaji katika kiwanda cha uchapaji hadi macho yakadhoofika. Hakuweza kusikia kitenzi bila kukigeuza na kuangalia chini yake.

"Alianguka," alisema. "Kama jani?"

"Ndivyo ripoti inavyosema, Mwalimu."

"Sijaiuliza ripoti."

"Lakini kuanguka anaanguka," mshonaji aliingilia. "Si tunamwona kila wiki? Pu! Kama gunia."

"Gunia mwenyewe, mama," marehemu alisema kutoka nyuma.

"Samahani, marehemu. Nilikuwa natafuta tashbihi."

Fundi alikata neno, akaandika jingine juu yake na kusoma upya: "Shemeji yangu aliangushwa."

Marehemu alisogeza kiti mbele kidogo. Mwalimu aliinamia daftari la fundi.

"Aliangushwa na?"

"Nimeweka nukta, Mwalimu."

"Naiona. Imekaa mahali pa mtu."

"Bwana fundi," mstaafu wa posta alisema, "hiyo ni barua isiyo na jina la aliyeituma. Nimezibeba nyingi. Zina uzito zaidi kuliko nyingine, sijui kwa nini."

Fundi aliomba kukaa. Akaketi na kalamu yake.

Kazi ya lifti ina sheria fupi. Aliye katika chumba cha mitambo huita "Umetoka?" mara tatu, na hawashi mpaka asikie "Nimetoka." Sheria hiyo fundi alifundishwa na shemeji yake mwenyewe, mwaka aliokuwa akilala sebuleni kwa dada yake akijifunza kazi. Siku ile shemeji alikuwa juu ya kasha la lifti akipaka reli grisi. Simu ilikuwa sikioni mwa fundi, na ndani ya simu msimamizi alikuwa akisema wageni wa mkurugenzi wamesimama chini kama wanaongoja mgao, awashe. Fundi aliita mara moja. Akawasha.

Ripoti aliiandika msimamizi: "Marehemu alianguka kwa uzembe wake mwenyewe." Fundi alitia sahihi chini yake, mahali palipoandikwa shahidi. Dada yake, mjane wa marehemu, aliwasomea ripoti hiyo watoto wake wawili, kisha akaeleza maana ya uzembe, kwa sababu mdogo aliuliza.

"Umekwama wapi?" Mwalimu alisimama kando ya meza yake. Fundi alimwonyesha. Alikuwa ameandika "aliangushwa na", na baada ya hapo karatasi ilikuwa imechanika kwa kufutwa.

"Unazunguka mno," Mwalimu alisema. "Lugha hii itakufanyia kazi hiyo kwa neno moja."

Fundi alifikiri, akaliandika. Mwalimu alilichukua akalinakili ubaoni na kulikata vipande, kama alivyozoea: ni, li, mw, angush, a.

"Ni, ndiye wewe. Mw, ndiye yeye. Mmo wote humo ndani."

"Neno moja," karani wa benki alisema. Alikuwa amelihesabu.

Fundi aligeuka kumwangalia marehemu, akafungua mdomo asome.

"Usinisomee mimi, shemeji," marehemu alisema. "Mimi nilikuwepo."

Kisha ikafika saa tano kasoro dakika kumi, akaanguka.

Jumapili mchana fundi alikwenda kwa dada yake. Alimkuta akipiga pasi nguo za shule. Aliomba aketi, dada akasema anasikia vizuri akiwa amesimama. Fundi alisoma ukurasa mmoja, ulioanza na neno "Nilimwangusha." Alipomaliza, dada alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Uliita mara moja?"

"Mara moja, dada."

"Akaitika?"

"Sikusubiri."

Dada alikunja shati alilokuwa nalo, mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia.

"Watoto wako chumbani. Nenda ukawasomee. Neno la kwanza niliwaeleza mimi. Hili utawaeleza wewe."

Alikwenda, akawasomea. Mkubwa aligeukia ukuta. Mdogo alisikiliza hadi mwisho.

"Mjomba, kwa hiyo mzembe ni wewe?"

"Ni mimi. Na msimamizi."

"Baba siye?"

"Baba siye."

Mlangoni dada alimpa viatu vyake mkononi. "Ijumaa usije kula," alisema. "Nikikuhitaji nitakuita."

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, fundi aliupeleka ukurasa huo ofisini. Mtu wa masijala aliupiga muhuri wa IMEPOKELEWA na kuuweka kwenye trei ya mkuu wa usalama kazini, kwa kuwa barua zote za ajali huenda kwake. Mkuu wa usalama kazini, kwa muda wa miezi mitano sasa, alikuwa yule msimamizi.

Jumatano alimwita. Aliusoma ukurasa akiwa amesimama, hadi mwisho, akatoa kalamu na kuongeza mkato uliokosekana kwenye mstari wa nne.

"Umeandika vizuri. Hayo madarasa yanakusaidia."

"Na ripoti, mzee?"

"Ripoti ilishafungwa. Hii tutaiweka kwenye faili la mafunzo ya wafanyakazi, wakaguzi waone watu wetu wanajiendeleza." Aliutoboa ukurasa matundu mawili. "Ukitoka hapa, lifti ya pili inakwama ghorofa ya tano. Iangalie."

Fundi aliiangalia. Kabla ya kuwasha aliita "Umetoka?" mara tatu, ingawa alikuwa peke yake. Hakuna aliyejibu. Alishuka ghorofa zote akifungua mlango mmoja mmoja na kumulika shimoni kwa tochi, akapanda tena kwa ngazi, akawasha. Ilikuwa saa tisa alasiri, na watu walikuwa wamelalamika.

Jumamosi, saa tatu na dakika saba, marehemu aliingia na kukaa kwenye kiti chake. Feni ilisukumwa. Mshonaji alisoma sura ambamo mume aliyemwacha analiwa na chui, na chui anashindwa kummaliza. Muuguzi alisinzia. Karani aliuliza maneno mangapi.

Saa tano kasoro dakika kumi, marehemu alipita sakafuni. Maboksi yalimpokea chini. Dakika tano baadaye alirudi kwa ngazi, akajipangusa vumbi na kukaa.

Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio. Alikata neno "Alitoka" kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika: "Aliangushwa na fundi wa lifti, kwa amri ya msimamizi, saa tano kasoro dakika kumi. Alirudi." Akaligeuza daftari na kulisukuma mezani hadi mbele ya fundi, kidole chake kikiwa kwenye nafasi tupu mwisho wa mstari.

"Shahidi," alisema.

Fundi alitia sahihi.