Asilimia Tano Iliyobaki

Mpimaji umeme aliipata habari ya msiba ule kazini, akifungua barua za malalamiko. Barua ilikuwa na mstari mmoja tu: "Mama alifariki Jumanne alasiri, umeme wenu uliponywea."

Mwandishi wake alikuwa mwanamke fundi cherehani, na mpimaji alimkumbuka vizuri. Miezi miwili nyuma alilalamika kwamba kila alasiri umeme wa mtaa wao unanywea, na mashine ya oksijeni ya mama yake inazima. Mpimaji akafunga kipimo ukutani, akakiacha wiki nzima. Majibu yakatoka safi: kwa asilimia tisini na tano ya muda, volti zilikuwa ndani ya kiwango cha kimataifa. Kiwango hakikudai zaidi ya hapo. Akapiga muhuri kwamba umeme hauna kasoro, lalamiko likafungwa.

Tangu barua ile akakosa raha. Akitulia kidogo tu, anasikia mashine ikilia. Yakamfika shingoni, alasiri moja akabeba kipimo, akaenda bila kutumwa na mtu.

Fundi alimfungulia mlango, salamu hakutoa. Chumbani kitanda kimetandikwa, mashine bado imechomekwa, inanguruma bila mgonjwa.

"Mbona hujaichomoa, dada?"

"Nikiichomoa, nyumba inakuwa kimya mno."

Wakakaa. Ilipokaribia saa tisa taa ikafifia, ikawa na rangi ya chai. Mashine ikakohoa, ikalia mlio mrefu, ikanyamaza. Mpimaji akatazama kipimo, akaandika saa na dakika.

"Hiyo asilimia tano iliyobaki ni muda gani?" fundi aliuliza.

"Saa nane na ushee kwa wiki."

"Na ulijua?"

"Nilijua. Sikufikiria kwamba ndani yake kuna mtu."

Fundi akanyoosha shuka ambalo halikuwa na mkunjo.

Mpimaji akaandika ripoti mpya, kila kushuka kwa umeme na dakika yake, jina la marehemu juu kabisa.

"Unajitia kitanzi," mkuu wake alimwambia. "Ile ya kwanza haina kosa."

"Ndiyo maana silali, mzee."

Baada ya wiki tatu mtaa ukafungiwa transfoma kubwa. Siku hiyo fundi akachomoa mashine, akakunja waya taratibu, yeye na mpimaji wakaibeba hadi zahanati.

"Usirudi kwangu tena," fundi alisema mlangoni pa zahanati, bila hasira. "Nenda kwa wengine uliowapigia muhuri."

Walikuwa kumi na mmoja. Mpimaji akaanza na aliyekuwa karibu.